Kompyuta Irushe Shilingi, Mtoto Atoe Hukumu

Kila mtoto anajua kwamba shilingi ina pande mbili, na ukimuuliza uwezekano wa kupata kichwa atakujibu "nusu" kabla hujamaliza swali. Kwa hiyo programu inayorusha shilingi mara 1,000 kisha ikaandika kwamba vichwa ni karibu nusu haijamfundisha kitu. Faida ya programu hizi iko kwingine. Zinamwonyesha mtoto namba huyumba kiasi gani katika hali ya kawaida, ili siku akikutana na namba iliyoyumba kupita kiasi aweze kusema bila woga kwamba hapa pana jambo. Huwa nawasaidia watoto wa jamaa zetu wa Downsview, hapa Toronto, masomo ya hesabu, mara nyingi kwenye maktaba ya umma ya Keele Street, kaskazini kidogo ya Wilson Avenue, na mbinu ninazoziandika hapa ndizo nilizoona zinawaingia.

Kwanza neno kwa wazazi. Wengi wetu tuliosoma Tanzania tulikutana na somo la uwezekano kidato cha nne, wakati mtihani wa taifa umeshabisha hodi, tukakariri kanuni na kuendelea na maisha. Mtoto wako hapa Ontario hasubiri mpaka huko. Kwa mtaala wa hesabu wa mwaka 2020, gredi ya 1 anaanza kupanga matukio kuwa ya hakika, yanayowezekana na yasiyowezekana. Gredi ya 5 analinganisha uwezekano wa kwenye karatasi na ule anaoupata kwa kujaribu. Gredi ya 6 anaingia kwenye matukio mawili yasiyotegemeana, na kufikia gredi ya 8 anafanya matukio mengi, yanayotegemeana na yasiyotegemeana. Mtaala huohuo umeingiza uandishi wa programu kuanzia gredi ya 1. Maana yake ni kwamba mwanao anaweza kuletewa kazi ya nyumbani inayomtaka arushe shilingi kwa kompyuta, na wewe ukadhani anacheza.

Anza na mkono kabla ya kompyuta. Usiruke hatua hii hata kama mtoto ana haraka. Mpe robo dola na karatasi, arushe mara 20. Nyumbani Tanzania tungesema kichwa au mwenge, kwa sababu ya ule mkono ulioshika mwenge kwenye shilingi moja ya mwaka 1966. Kwa sarafu za huku, watoto wangu wamezoea kusema kichwa au mnyama. Kwa mdogo ambaye vidole havijakomaa, dola moja ni nzuri zaidi, maana ina kingo 11 na haikimbilii chini ya kabati kama sarafu ya mviringo. Tandika taulo juu ya meza ili sarafu isidunde, na mkiwa maktaba jirani zenu watakushukuru. Sharti ni kuirusha juu huku inajipindua. Asiizungushe mezani kama pia, kwa sababu sarafu inayozungushwa mezani inaweza kuegemea upande mmoja kutokana na umbo la ukingo wake.

Kabla hajarusha, aandike utabiri wake. Hili ndilo sharti langu kuu, na ninalirudia katika kila hatua inayofuata: hakuna kurusha wala kubonyeza kabla ya kuandika. Mtoto asiyetabiri hukubali namba yoyote anayoletewa, kwa hiyo hakuna namba inayoweza kumshangaza. Aliyeandika "10" na akapata 7 ana la kuuliza. Wengi huandika 10, na wengi huikosa, kwa kuwa uwezekano wa kupata vichwa 10 kamili katika mirusho 20 hauzidi asilimia 18. Mwache ashangae. Usimweleze bado.

Baada ya mikono kuchoka, fungua kompyuta. Huhitaji kununua chochote, programu yoyote ya jedwali inatosha. Google Sheets ni ya bure, LibreOffice ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, na Excel ipo kwenye kompyuta nyingi. Nasisitiza hilo la bila intaneti kwa sababu mwezi Oktoba 2023 maktaba za umma za Toronto zilivamiwa na wadukuzi, na kompyuta za wasomaji zikakaa miezi kadhaa bila kutumika. Wenye faili zao kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani waliendelea na masomo.

Kwenye kisanduku cha A1 andika:

=RANDBETWEEN(0,1)

Moja ni kichwa, sifuri ni mnyama. Buruta fomula hiyo mpaka A100, umepata mirusho 100. Kwenye D1 andika =SUM(A1:A100), hiyo ndiyo idadi ya vichwa. Kwa ndugu zetu kutoka Bukavu, Goma na Lubumbashi ambao watoto wao wanasoma shule za Kifaransa za Viamonde au MonAvenir, Excel ya Kifaransa itaikataa fomula hiyo. Hapo andika =ALEA.ENTRE.BORNES(0;1), na jumla ni =SOMME(A1:A100). Angalieni nukta na mkato: Kifaransa kinatumia nukta mkato katikati ya 0 na 1. Nimewaona wazazi wakihangaika jioni nzima kwa sababu ya alama hiyo moja.

Ukitaka mirusho mipya, kwenye Excel bonyeza F9. Kwenye Google Sheets andika chochote kwenye kisanduku kitupu. Hapa pana mtego: namba hubadilika kila unapogusa kitu, kwa hiyo mtoto akiona matokeo ya ajabu na kukuita uje uone, ukifika yameshapotea. Mfundishe kunakili safu ya A na kuibandika pembeni kama thamani tupu. Kwenye Google Sheets ni Ctrl+Shift+V. Namba zilizobandikwa hivyo hazibadiliki tena.

Sasa mwambie abonyeze, aandike idadi ya vichwa, abonyeze tena, aandike tena, mpaka awe na orodha ya matokeo 20. Ni hapa ndipo binti mmoja wa gredi ya 6 aliponigeukia akiwa amekunja uso.

"Anko, kompyuta imeharibika. Imeleta 43."

"Ulitabiri ngapi?"

"Hamsini. Au 49, au 51."

"Basi endelea, utuambie mbovu ni kompyuta au utabiri."

Akaendelea. Ikaja 52, ikaja 47, ikaja 58. Alipofika mwisho wa orodha, 43 ile haikuwa hata ya mwisho kwa udogo. Kwa mirusho 100, kupata vichwa 43 au pungufu, au 57 au zaidi, hutokea karibu mara 1 katika kila majaribio 5. Ile 50 kamili aliyoitegemea hutokea chini ya mara 1 katika 12. Kompyuta haikuwa na kosa lolote. Alikuwa anadhani "nusu" maana yake ni "nusu kamili, au jirani kabisa", na hakuna maelezo yangu ambayo yangemtoa hapo. Orodha yake mwenyewe ndiyo iliyomtoa.

Baada ya orodha mpe kanuni, nayo ni nyepesi kiasi kwamba mtoto wa gredi ya 8 anaibeba kichwani. Chukua idadi ya mirusho, tafuta kipeuo chake cha pili. Gawa mirusho kwa mbili, kisha ongeza na punguza kipeuo hicho. Vichwa vitaangukia ndani ya mipaka hiyo takriban mara 95 katika 100. Mirusho 100, kipeuo ni 10, mipaka ni 40 mpaka 60. Mirusho 400, kipeuo ni 20, mipaka ni 180 mpaka 220. Mirusho 10,000, kipeuo ni 100, mipaka ni 4,900 mpaka 5,100. Tazama kinachotokea hapo, kwa sababu ndicho kiini cha somo zima. Kwa mirusho 100 tumeruhusu kupotea kwa 10, kwa mirusho 10,000 tumeruhusu kupotea kwa 100. Upotevu wenyewe umekua mara kumi! Ila ukiugawa kwa mirusho, umeshuka kutoka asilimia 10 hadi asilimia 1.

Watu wazima wengi hawalijui hili. Wanaamini kwamba ukirusha mara nyingi vichwa na wanyama "watalipana", kwamba waliozidi leo watapunguzwa kesho. Hakuna anayelipa. Sarafu haina kumbukumbu. Tofauti ya hesabu kwa kawaida inaendelea kupanuka, na uwiano unakaribia nusu kwa sababu tu mirusho imekuwa mingi na tofauti imezidiwa. Jakob Bernoulli, Mswisi, ndiye aliyeweka uthibitisho wa jambo hili kwenye kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Ili mtoto alione kwa macho, kwenye safu ya B andika =SUM(A$1:A1)/ROW() na uburute hadi mwisho, kisha uchore grafu ya mstari. Mstari utarukaruka mwanzoni, halafu utatulia karibu na 0.5. Kwenye safu ya C andika =2*SUM(A$1:A1)-ROW(), ambayo ni vichwa kutoa wanyama, uichoree grafu yake. Huu wa pili hautulii. Unapanda, unashuka, unakwenda mbali na sifuri na unaweza kukaa huko muda mrefu. Weka grafu hizo mbili pamoja, juu na chini, zikitoka kwenye mirusho ileile. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kutoka makala hii, fanya hilo.

Wakubwa hupenda pia kusikia habari za waliofanya kazi hii kabla ya kompyuta. Buffon, Mfaransa wa karne ya 18, anatajwa kwa mirusho 4,040 iliyompa vichwa 2,048. Karl Pearson wa Uingereza alifikisha 24,000 na vichwa 12,012. Anayenigusa mimi ni John Kerrich, mwalimu wa hesabu kutoka Afrika Kusini, ambaye Aprili 1940 alikuwa ametembelea Denmark wakati Wajerumani walipoivamia. Akawekwa kizuizini huko Jutland, na akiwa huko akarusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila matokeo. Alipata vichwa 5,067. Mpe mtoto namba hizi tatu na kanuni ya kipeuo, akague mwenyewe. Zote zimo ndani ya mipaka. Kisha mwonyeshe kwamba kazi iliyomchosha Kerrich kule kizuizini kompyuta yake inaimaliza kabla hajapepesa jicho, na muulize: kati yake na Kerrich, nani ameielewa sarafu vizuri zaidi? Mimi jibu ninalo, na ndilo linalonifanya ning'ang'anie mkono uanze.

Mchezo unaofuata wanaupenda mno, na unafaa darasa zima au hata harusi iliyochelewa kuanza. Mtoto mmoja aandike mirusho 100 ya uongo, kutoka kichwani, bila sarafu. Mwingine achukue mirusho 100 ya kweli kutoka kwenye kompyuta. Wewe utoke nje. Ukirudi, utaje ipi ni ya uongo. Siri yake ni mfululizo mrefu. Anayebuni anaogopa kuandika kichwa mara sita mfululizo, anaona si ya kweli. Lakini katika mirusho 100 ya kweli, mfululizo wa sita au zaidi wa upande mmoja hutokea takriban mara 8 katika kila 10. Kuupima, weka 1 kwenye E1, kwenye E2 andika =IF(A2=A1,E1+1,1), buruta, kisha tafuta =MAX(E1:E100). Kwa Kifaransa IF ni SI. Orodha ambayo namba yake kubwa ni 4 ni ya kutilia shaka. Utakosea mara chache, na kukosea huko nako ni sehemu ya somo, kwa hiyo usijifanye mganga: waeleze kwamba unabahatisha kwa uwezekano mzuri, si kwa uhakika.

Kwa watoto wa gredi za chini jedwali linachosha. Wapeleke kwenye Scratch, programu ya bure iliyotoka taasisi ya MIT mwaka 2007, ambayo Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Mtoto anapanga vipande vya amri kwa kuviburuta: weka vichwa kuwa sifuri, rudia mara 1,000, kama namba ya kubahatisha kati ya 1 na 2 ni 1, ongeza vichwa kwa 1. Basi. Ikienda polepole, shikilia Shift huku ukibonyeza bendera ya kijani, itakwenda kasi. Mwache achore sarafu yake mwenyewe, aweke sura ya bibi yake upande mmoja akitaka. Wakubwa wa sekondari waende kwenye Python, ambako mistari miwili inatosha:

import random
print(sum(random.randint(0,1) for _ in range(10000)))

Wataalamu wa sekondari watakuuliza kama bahati ya kompyuta ni bahati kweli. Wajibu ukweli. Python inatumia hesabu iliyobuniwa na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, ikachapishwa mwaka 1998, na hesabu hiyo ikianza na namba ileile ya mbegu italeta mfululizo uleule. Ukiandika random.seed(7) kabla ya kurusha, wewe hapa na binamu yako Mwanza mtapata matokeo sawasawa mkitumia toleo moja la Python. Kwa mafunzo, namba hizi zinatosha kabisa.

Tuje kwenye sarafu ya hila, ambayo ndiyo mbinu ninayoithamini kuliko zote. Fungua ukurasa wa pili kwenye jedwali lako, uuite Siri. Kwenye A1 ya ukurasa huo andika uwezekano wa kichwa unaoutaka wewe, tuseme 0.55. Rudi ukurasa wa kwanza, badilisha fomula ya safu ya A iwe:

=IF(RAND()<Siri!A$1,1,0)

Kisha ufiche ukurasa wa Siri. Mtoto anajua tu kwamba sarafu hii inaweza kuwa safi, inaweza kuwa na hila. Yeye ndiye hakimu. Kila mrusho unamgharimu, kwa mfano senti moja ya posho yake au nukta moja ya alama, na mwisho lazima atamke: ina hila au haina. Akimshutumu asiye na kosa anapoteza nukta nyingi. Akimwachia mwenye kosa anapoteza vilevile. Sasa anapaswa kujiuliza swali ambalo programu nyingi za shuleni hazimuulizi: nirushe mara ngapi ndipo niwe na haki ya kusema?

Waanzao hurusha mara 10, wakipata vichwa 7 wanapiga kelele "mwizi!" Wapeleke kwenye sarafu safi, wabonyeze mara kadhaa, waone jinsi 7 katika 10 inavyojitokeza bila hila yoyote. Wataanza kutulia. Kwa kanuni ya kipeuo, sarafu ya asilimia 60 inagusa mpaka kwenye mirusho 100 na kwa kawaida inaanikwa waziwazi kwenye 400, ambako italeta vichwa kama 240 wakati mpaka ni 220. Sarafu ya asilimia 55 inajificha vizuri kwenye 100, inagusa mpaka kwenye 400, na kwenye 1,000 inaleta kama 550 huku mpaka ukiwa karibu 532. Sarafu ya asilimia 51 ni shetani mwenye subira. Kwenye mirusho 10,000 ndiyo kwanza inagusa mpaka. Usisahau mara nyingine kuweka 0.5 kamili. Mtoto anayezoea kwamba kila kesi ina mwizi anaharibika, ataona wizi kila mahali.

Hiyo asilimia 51 sikuichukua hewani. Mwaka 2007 Persi Diaconis na wenzake wawili, Susan Holmes na Richard Montgomery, walionyesha kwa hesabu za mwendo kwamba sarafu inayorushwa na kudakwa kwa mkono ina mwelekeo mdogo wa kuangukia upande uleule ulioanza juu, karibu asilimia 51. Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na František Bartoš wa Amsterdam lilitoa matokeo ya mirusho 350,757 iliyofanywa kwa mikono ya watu, na upande ulioanza juu ulirudi asilimia 50.8. Mpe mtoto wa gredi ya 9 apige: kipeuo cha 350,757 ni kama 592, na waliozidi nusu ni zaidi ya 2,500. Hukumu ni moja tu hapo. Na ukimuuliza kwa nini walihitaji mirusho mingi hivyo, atakujibu mwenyewe.

Ninawasukuma watoto kwenye hukumu kwa sababu ya maisha yanayowangoja. Tangu tarehe 4 Aprili 2022 Ontario imeruhusu kampuni binafsi kuendesha kubeti kwa intaneti, na matangazo yake yanapita kwenye kila mechi ya mpira wa kikapu anayoitazama mwanao. Sheria inasema miaka 19, lakini macho hayana miaka. Upande wa nyumbani nako unajua hali, mikeka imeenea Dar es Salaam na Nairobi, na wapo vijana wetu wanaotumiwa ujumbe na binamu wakiambiwa wachangie mkeka wa uhakika. Badala ya kuhubiri, fungua jedwali. Tuchukulie mechi 10, kila moja nusu kwa nusu. Jaza =RANDBETWEEN(0,1) kuanzia A1 hadi J1. Kwenye K1 andika =IF(SUM(A1:J1)=10,1,0), ambayo ni 1 pale mkeka mzima umetiki. Buruta mstari huo hadi wa 1,000. Kwenye L1, =SUM(K1:K1000). Mtoto atabiri kwanza ni mikeka mingapi kati ya 1,000 itatiki. Niliwahi kuona mtu mzima akiandika 100.

Itakuja 0, au 1, mara moja moja 2. Uwezekano wa mkeka mmoja ni 1 katika 1,024. Sasa ingia kwenye malipo, maana hapo ndipo kampuni inapokula. Kampuni ikikupa odi ya 1.90 kwa mechi ya nusu kwa nusu, kwa kila dola 100 unazoweka unatarajia kurudishiwa dola 95. Wamekula asilimia 5, inaonekana ni kidogo. Kwa mechi 10 zilizounganishwa, 1.90 inajizidisha yenyewe mara kumi na kufika kama 613, huku malipo ya haki yangekuwa 1,024. Unatarajia kurudishiwa kama dola 60 kwa kila 100. Wamekula asilimia 40, na tangazo limekuonyesha ile 613 tu. Kijana wa gredi ya 11 akishaijenga hesabu hii kwa mkono wake, mpe nafasi aongee na binamu yake yeye mwenyewe. Mzazi usiingilie.

Zoezi la mwisho ninalotoa ni la hapahapa Ontario, na ni la kweli. Mwaka 2006 kipindi cha The Fifth Estate cha televisheni ya CBC kilimwendea Jeffrey Rosenthal, profesa wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Toronto, na swali kuhusu bahati nasibu ya mkoa: je, wauzaji wa tiketi walikuwa wanashinda kupita kiasi? Kati ya zawadi kubwa 5,713 zilizotolewa tangu mwaka 1999, takriban 200 zilikuwa zimechukuliwa na wauzaji. Kwa hesabu zake, kulingana na idadi yao na kiasi wanachocheza, walitarajiwa kushinda kama 57. Habari ilipotangazwa mkoa mzima ulitikisika, na Machi 2007 msimamizi wa malalamiko ya wananchi wa Ontario akatoa ripoti kali juu ya suala hilo.

Usimwambie mtoto jibu. Mpe namba tatu, 5,713 na 57 na 200, umwache atengeneze jedwali. 57 katika 5,713 ni karibu asilimia 1, kwa hiyo kila zawadi ni sarafu ya hila sana inayoangukia kwa muuzaji mara 1 katika 100: =IF(RAND()<0.01,1,0), kuanzia A1 hadi A5713, na jumla kwenye D1. Kanuni ya kipeuo niliyoitoa juu ni ya sarafu ya nusu kwa nusu, haifai hapa, na ni vizuri aligundue hilo mwenyewe kwa kuona kuyumba kwenyewe ni kudogo zaidi. Aandike utabiri wake wa namba kubwa kabisa atakayoiona, kisha abonyeze F9 na kuandika, abonyeze na kuandika. Zitakuja 55, 61, 48, 66. Akivumilia ataiona 75, na siku ya bahati 80. Abonyeze mpaka maktaba ifungwe, 200 haitakuja. Kisha mwambie aandike aya moja, kwa Kiswahili au Kiingereza, kumweleza mtu asiyejua hesabu kwa nini yeye, akiwa hakimu, angeita wauzaji waje wajieleze, na kwa nini namba hizo peke yake bado hazimtaji hata mmoja wao kuwa mwizi.